Mimea ya Shangazi Iliyokula Nyama

Juzi mjini Kisii niliona mmea wenye majani kama vikombe, nikamkumbuka shangazi yangu wa Kebirigo. Alasiri moja nilipokuwa mtoto, alituingiza mimi na mdogo wangu kwenye grinihausi yake, kibanda cha plastiki cha kukuzia mimea, mlimojaa joto, harufu ya udongo mbichi na mlio wa nzi.

“Mimea hii inakula nyama,” alisema.

Nilimnyakua mdogo wangu, aliyekuwa akitambaa karibu na vyungu, nikatoka mbio nikilia. Shangazi hakunicheka. Aliniita nitazame kutoka mlangoni, akatumbukiza kidole ndani ya jani moja lenye umbo la kikombe, akakitoa kikidondosha maji.

“Inakula nzi tu, mama. Na hunywa maji ya mvua. Ya bomba yataiua.”

Niliamini hakuna mtu jasiri kumshinda. Leo najua kidole chake hakikuwa hatarini. Bado namwona jasiri: majirani walipanda chai, yeye akajifunza peke yake kutunza mimea waliyoiogopa, ikastawi.