Mashua ya Mama Mkwe

Mafuta ya ng'ombe yakichemshwa pamoja na lami hutoa harufu isiyosahaulika. Hadi leo nikipita mahali wanapotengeneza barabara pale Kamembe, natema mate chini bila kujali nani ananiangalia, naenda zangu. Harufu hiyo ilikaa uani kwetu Mururu kiangazi kizima, mwaka nilipokuwa darasa la tatu. Iliingia kwenye mablanketi, kwenye nywele zangu, hata kwenye maji ya kunywa. Papa aliipikia ndani ya sufuria ya Mama, ile kubwa ya maharagwe, akikoroga kwa kipande cha ubao huku akipiga mluzi. Ilikuwa dawa ya kuzibia nyufa za mashua. Mashua yenyewe haikuwapo. Papa alikuwa hajachagua hata ni mashua ya namna gani, lakini dawa ya kuzibia nyufa zake aliipika kwanza! Mama aliisugua sufuria ile kwa majivu na mchanga mpaka kucha zikaisha, na bado maharagwe yalitoka na ladha ya barabara. Tuliyala hivyo hivyo, tungefanya nini.

Papa alikuwa fundi wa vitanda na makabati, mzaliwa wa Bukavu aliyevuka mto kuja kuoa huku. Mama yake Mama, ambaye sote tulimwita Koko, aliishi kisiwani Nkombo, ng'ambo ya maji ambayo tuliyaona kutoka mlangoni petu. Mwanzoni mwa kiangazi hicho jembe lilimkata Koko mguuni, kidonda kikakataa kupona, ikabidi aletwe hospitali mjini. Jambo dogo, si ndiyo? Mitumbwi ilikuwa tele, kila asubuhi ilileta watu sokoni. Lakini Papa alisimama mbele ya ndugu wote wa Mama, kifua mbele, akatamka kwamba mama mkwe wake hatapakiwa pamoja na mihogo na mbuzi za watu. Yeye mwenyewe angemjengea mashua ya mbao, mashua ya tanga, ya kizamani kabisa, kama zile za Wazungu wa misheni, na angeenda kumchukua kwa heshima. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, mjinga mimi, nikidhani nitapanda mashua wiki ijayo.

Alikuwa na kitabu cha Kifaransa chenye michoro ya mashua, alichoachiwa na bwana mmoja wa misheni aliyerudi kwao. Kila jioni akitoka kazini alikifungua juu ya goti, akalamba kidole, akageuza kurasa. Pale aliposhika, kurasa zilikuwa zimeota weusi wa jasho na ugoro, na bado alikilamba tena kidole kile kile. Akipata mashua iliyompendeza, alichora umbo lake chini uani kwa majivu, kwa ukubwa wake halisi, kisha ananiita: "Neema, kuya hapa. Weye ni Koko." Nami naenda kukaa mbele, kwenye omo, juu ya siafu na kinyesi cha kuku, yeye anakaa nyuma kwenye usukani. "Sasa unaona magoti yangu?" ananiuliza. Nasema naona. Papa anatikisa kichwa, anafuta majivu kwa mguu. "Hii haiko muzuri. Mama mukwe haone magoti ya mukwe wake."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi yote. Kwa watu wetu wa wakati ule, mwanamume na mama wa mke wake hawakuketi karibu, hawakula pamoja, hawakupeana mkono. Wakikutana njiani, mkwe alijibanza pembeni kwenye migomba mpaka mama apite. Sasa mtumbwi ni mdogo, kila mtu magoti yake yako mgongoni mwa mwenzake, na hata ile mashua nzuri ya mlingoti mmoja, ambayo fundi kama Papa angeimaliza kabla ya mvua, ilikuwa wazi toka mwanzo hadi mwisho. Papa aliikataa. Akaikataa na ile fupi pana, ambayo mimi niliipenda kwa sababu ilifanana na sahani. Mama alikuwa akimenya ndizi kwenye kibaraza, akitazama majivu yakichorwa na kufutwa, na sikuwahi kuona mtu akimenya ndizi kwa hasira namna ile.

Mama alichoka, akapanda mtumbwi mwenyewe akaenda kisiwani. Aliporudi hakula. Koko alikuwa amekataa kuja naye. "Mukwe wangu alisema atakuya," ndivyo alivyomjibu. "Nikipanda ya muntu mwingine, batu bote ba hapa batamucheka." Ona ujinga huo! Huku mtu mzima anapima magoti, kule mama mzee analinda jina la mpima magoti, na katikati mguu unaoza. Tangu hapo, wanawake waliokuja sokoni walituletea habari. Kwanza mguu umevimba. Kisha haukanyagi chini. Halafu mmoja wao, mama mwenye kikapu cha mihogo, alisimama langoni akaziba pua kwa kanga kabla hajasema neno, nasi tukaelewa. Papa alimtuma akamwambie Koko avumilie kidogo, mashua imeshapatikana.

Kweli ilikuwa imepatikana. Alichagua kubwa kuliko zote kitabuni, ya milingoti miwili, yenye kijumba katikati na mlango wake mdogo. Mama mkwe angekaa upande wa mbele, mkwe upande wa nyuma, na kijumba kingewaficha kila mmoja asimwone mwenzake. Umbo lake halikuenea uani, majivu yalitoka hadi kwenye bustani ya mboga, Papa akang'oa mboga za Mama. Akalaza mkuku, ule ubao mkuu wa chini, akasimamisha mataruma machache, mbao za kujipinda zilizosimama kama mbavu za ng'ombe aliyechunwa. Majirani walikuja kusifu, wakaketi juu ya mbao, wakanywa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, wakatema mate uani kwetu, na kila mmoja akatoa shauri juu ya rangi ya tanga. Mama alitoka jikoni akasimama katikati yao. "Papa Neema," akasema, "mama yangu anaoza, weye uko unachagua rangi?" Wale wanaume walitazama vikombe vyao. Papa alisema polepole kwamba wanawake hawaelewi mambo ya heshima. Nilimtazama baba yangu, niliyempenda, na kwa mara ya kwanza nilisikia kinyaa.

Koko hakungojea milingoti. Homa ilipompanda hadi akapoteza fahamu, watu wa kisiwani walimlaza kwenye mtumbwi wa wavuvi waliokuwa wakirudi na sambaza, wale dagaa wa ziwani kwetu, juu ya nyavu mbichi, wakamleta asubuhi. Mtu alitukimbilia kutuambia, tukashuka ziwani mbio. Papa alipoona ni nani aliyelala mle, unadhani alifanya nini? Aligeuka, akaingia kwenye migomba! Wavuvi wakamwita, mikono yao imejaa samaki na makasia. Mama akamwita. Ni Koko mwenyewe aliyemtoa. Alikuwa amezinduka kwa baridi ya maji, akainua kichwa, magamba ya sambaza yamemganda shavuni, akasema neno la kwanza alilowahi kumwambia mkwe wake moja kwa moja: "Mukwe, leta mugongo."

Papa alileta mgongo. Alipanda naye mlima ule wote, mikono ya Koko shingoni mwake, mapaja ya Koko kiunoni mwake, usaha ukimtiririkia suruali, na mimi nikifuata nyuma. Yee, harufu ile! Lami na mafuta ya ng'ombe vilikuwa manukato. Nilitapika kando ya njia, nikafuta mdomo, nikafuata tena. Papa alikuwa akilia bila sauti. Hakuna mtu aliyecheka. Watu waliokutana nasi walivua kofia tu na kutupisha. Hospitalini daktari aliukata mguu chini ya goti siku hiyo hiyo. Alisema tungemleta mapema angeosha kidonda, akafunga, basi.

Koko alipona, akakaa kwetu. Siku aliyotoka hospitali alidai aonyeshwe mashua yake. Tulimsaidia hadi uani, akaiangalia kwa muda, kuku wakitaga katikati ya mataruma. Kisha akachukua kiatu cha ule mguu usiokuwapo, akamwambia Mama akipigilie msumari pale mbele kwenye omo. Kikabaki pale mvua zote, kikiota ukungu wa kijani, na Papa alikipita kila asubuhi akienda kazini. Mbao zilioza kidogo kidogo, tukazichoma kupikia. Zilitoa moshi mbaya.

Koko alishaondoka duniani, na mimi nina nyumba yangu Kamembe, mume, na watoto wanaoniuliza kwa nini sipendi sambaza. Siku hizi boti za injini zinakwenda Nkombo na kurudi kabla chai haijapoa. Juzi Mama alitakiwa kwenda kupima presha. Mume wangu alileta pikipiki, Mama akapanda nyuma yake bila kusitasita, akamkumbatia tumbo kwa mikono miwili, magoti yamembana mbavu, huku akimgombeza kwamba anaendesha ovyo. Walishuka barabara wakipigiana kelele na kucheka. Papa, ambaye sasa ni mzee na anakaa kwangu, alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni. Aligeuza uso akautazama ukuta hadi mlio wa pikipiki ulipoisha.

"Zamani tulikuwa na heshima," akasema.

"Heshima hiyo ilikula mguu, Papa," nikamjibu.

Alivuta shuka akafunika magoti. Kisha akasema baridi imemwingia, akaniomba nimsugue miguu kwa mafuta. Nilichuchumaa mbele yake nikamsugua, yote miwili.