Waliokuwa Madunguni

Siku yangu ya kwanza kazini Kibiti, Mganga Mkuu alinikabidhi penseli, kikokotoo na daftari la wagonjwa. "Wewe sasa ni Bwana Takwimu," akasema. "Usiniletee maneno, niletee jedwali." Nilikuwa nimetoka Dodoma na cheti kipya, nikijiona najua kila kitu. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila njia panda ikapata meza ya kuuzia.

Kijiji kimoja upande wa Ruaruke watu wakaharisha. Lawama zikamwangukia Bi Mwanahawa, mjane aliyekaanga vitumbua sokoni. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikajaza jedwali la visanduku vinne: waliokula na wasiokula, waliougua na wazima. Kisha nikafanya jaribio la kai-mraba. Kwa kila kisanduku unatafuta idadi ambayo ingetarajiwa kama vitumbua na kuhara havihusiani. Unaitoa kwenye idadi uliyoikuta, jibu unalizidisha kwa lenyewe, unagawanya kwa ile iliyotarajiwa, halafu unajumlisha visanduku vyote. Ikizidi tatu nukta nane nne, unasema uhusiano upo. Yangu ilizidi kwa mbali, na Bi Mwanahawa akapigwa marufuku kukaanga.

Alinifuata ofisini mwenyewe. "Mwanangu, umehesabu nani? Mpunga umetoa masuke. Wazima wako madunguni wanafukuza ndege, na vitumbua vyangu walibeba."

Dungu ni kibanda cha juu ya nguzo, shambani. Mtu wa bara mimi, sikujua kwamba msimu huo kijijini hubaki wagonjwa na wazee wasiofika sokoni. Mganga Mkuu, aliyeyasikia yote, akanirudishia daftari. "Rudi. Safari hii vua viatu."

Nilikanyaga tope siku tatu, dungu hadi dungu, nikiuliza na maji waliyokunywa. Hesabu ya vitumbua ikaanguka chini kabisa. Iliyopanda ni ya maji ya kisima cha sokoni. Niliona aibu sana, maana mjane yule alikuwa amekosa riziki kwa penseli yangu.

Nikampelekea sokoni barua ya kumruhusu kukaanga tena. Aliikunja bila kuisoma.

"Hawa hawasomi karatasi. Kaa hapa, ule wakuone."

Nikala vitumbua vitano, soko zima likinitazama, hadi mwanamke mmoja akasogea na bakuli lake.

Sasa nimestaafu. Vijana wana kompyuta, kai-mraba hutoka kabla chai haijapoa. Nawauliza tu siku waliyohesabu nani hakuwepo nyumbani. Wakiniuliza ni kazi gani niliyoifanya vizuri zaidi, nawatajia vile vitumbua vitano. Wanacheka, lakini mimi sitanii.