Interface ya USB kwa kaseti moja ya mama: nilivyoichagua kwenye Linux

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Mbeya, na laptop ninayoandikia ndiyo shahidi.

Mimi ni fundi redio, Uyole. Shule niliachia darasa la sita, miaka ya sabini, wazazi walipofariki kule Iringa. Nilibaki na mdogo wangu Rehema, bado wa kubebwa mgongoni.

Tuna kaseti moja tu yenye sauti ya mama. Mjomba aliirekodi siku anajaribu redio kaseti yake mpya. Rehema alikuwa hajawahi kuisikia, maana utepe ulikatika zamani.

Mwaka huu nimeuunga. Ila umechoka: nilijua utacheza mara moja, ukijitahidi sana mbili. Nikikosea kurekodi, basi tena.

Laptop yangu ni ya Linux (Windows iliishinda nguvu), na tundu lake la maiki linavuma kama mzinga wa nyuki. Nikaibeba hadi dukani, Soweto ya hapa Mbeya, kutafuta interface, kile kidude cha USB cha kuingizia sauti kwenye kompyuta.

Muuzaji akanitolea dude lenye matundu manane.

"Mzee wangu, hii ndiyo ya studio!"

Nikaomba kuichomeka. Taa zikawaka vizuri, lakini Linux haikuiona kabisa. Inataka driver, ile programu ya kukitambulisha kifaa kwa kompyuta, na driver yenyewe ni ya Windows tu.

"Sasa mzee, si ubadilishe kompyuta?"

"Kijana, kofia ikikubana unabadilisha kichwa?"

Duka zima likacheka. Akatoa kadogo, kenye line-in mbili, yaani matundu ya kuingizia sauti ya redio, kasikohitaji driver. Nikaandika arecord -l, amri ya kuorodhesha vifaa vya kurekodia, kakatokea palepale. Nikamrekodi yeye mwenyewe akimbembeleza mteja. Safi kabisa, nikakanunua.

Jumapili Rehema akaja. Nikaunganisha redio kaseti na laptop, nikashusha level ya kurekodi ili sauti isipasuke, nikabonyeza play.

Mama anaimba huku anatwanga. Rehema kaziba mdomo kwa mkono. Mara mama akaukatisha wimbo:

"Wewe! Maji hujateka, unachezea redio ya mjomba wako? Ngoja nije!"

Wakuu, Rehema alicheka mpaka machozi. Maisha yake yote mgombezaji nilikuwa mimi.

"Kumbe kaka na wewe uligombezwa!"

Utepe ulikatika tena kabla wimbo haujaisha. Haidhuru, faili ninalo.

Nilichojifunza: usihesabu matundu wala taa. Nenda na laptop yako, chomeka, rekodi hapohapo dukani, ndipo ununue.

Nyie kwenye Linux mnatumia ipi? Tupeni uzoefu.

Rehema maneno yale ya mama kayafanya mlio wa simu. Jana imeita tukiwa tunakula, nikashtukia nimeshasimama, nimeshika ndoo.