Ndani ya Kipilefti

Kwetu Arusha, mahali ambapo barabara zinakutana na magari yanazunguka duara panaitwa kipilefti. Nimelitamka neno hilo tangu utotoni bila kujiuliza lilitoka wapi, kama ambavyo mtu hajiulizi kwa nini kijiko kinaitwa kijiko. Nakuru wanasema raundabauti, na wakiwa na haraka, raundi. Miaka kumi na tisa nimeuza viatu vya mitumba katika mji huu. Nimejifunza kusema "niaje" kwa vijana, na kwa wazee wanaojiona vijana. Lakini neno hilo moja sikulibadilisha. Lilikuwa halijaniletea hasara yoyote.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Tulijuana Arusha alipokuwa akileta mizigo kupitia Namanga. Alisimama mbele ya viatu vyangu, akauliza bei, nikamtajia bei ya kuanzia, akailipa. Nikaona huyu si mtu wa kuachwa atembee duniani peke yake. Nilimfuata Nakuru, tukapanga nyumba Section 58, yeye akaendelea kushuka na kupanda Mai Mahiu, kona kwa kona, hadi presha ya macho ilipoanza. Jicho la kushoto lilizimika kwanza. La kulia likabaki na kitundu katikati, anachungulia dunia kama mtu anayechungulia mlangoni kwa jirani.

Daktari wa macho huja mjini mara moja kwa mwezi. Mwezi ule alikuwa aangalie kama jicho lililobaki linaweza kufanyiwa upasuaji, na alikuwa ametuonya kwamba jicho lenyewe halina mwezi wa kupoteza. Muuguzi alinieleza utaratibu kwa simu: majina yanasomwa saa tatu kamili asubuhi. Asiyekuwepo, mwezi ujao.

Kwa hiyo gari letu niliendesha mimi. Kuendesha najua, nilijifunza nyumbani, na sheria ya kipilefti ni ile ile pande zote mbili za mpaka: aliyekwisha kuingia, anayekujia kutoka kulia kwako, ndiye mwenye njia. Tofauti ni kwamba hapa Nakuru sheria hiyo inachukuliwa kama bei ya kuanzia. Dereva anatokeza pua ya gari. Ukinyamaza, anaongeza futi moja. Mwenye gari jipya anashindwa, mwenye mikwaruzo ya zamani anashinda, na kondakta akitoa mkono dirishani, usidhani anaomba, anakuarifu. Nimeyatazama mambo hayo miaka yote nikiwa abiria, na nilidhani siku nikishika usukani nitayaweza, maana kupatana bei ndiyo kazi yangu. Nilikosea hesabu. Sokoni nguvu yangu ni kuondoka: nikigeuza mgongo, mtu ananiita. Kwenye kipilefti huwezi kugeuza mgongo. Kuna lori nyuma yako.

Tulitoka nyumbani saa mbili kasoro robo. Kwenye kile kipilefti kikubwa cha kuingilia mjini nikasimama, nikasubiri wanaotoka kulia. Walipita kumi na saba. Nikahesabu tena, kwa sababu kulikuwa na trela moja ambayo sikujua niihesabu mara ngapi. Nyuma yangu honi zilianza moja moja, kisha zikaungana.

"Ingia," mume wangu akasema.

"Kuna gari."

"Kuna gari kila siku. Ingia."

Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Halafu akasema huyo anayekuja amepunguza gia, huyo anakupa. Na kweli, lori lilipunguza mwendo, likanipa. Nikaingia. Nikakaa upande wa kulia, karibu na ile bustani ya katikati, kwa sababu nilikuwa naipita njia ya kwanza ya kutokea ili nitoke kwa ya pili, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nimezunguka nusu, na ninakumbuka nilijisikia vizuri, pikapu ya karoti ilipochomoka kutoka kushoto bila kusimama na kutugonga mlango wa nyuma.

Mume wangu alinyoosha mkono nyuma ya kiti, akapapasa. Akaniuliza tumegongwa wapi. Nikamwambia mlango wa nyuma, upande wake. Akauliza nani alikuwa na njia.

"Mimi," nikasema.

"Basi tulia."

Alidhani hilo lilikuwa jambo kubwa.

Waendesha boda walifika kabla sijafungua mlango. Mwenye pikapu alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ya sufu kichwani, na alishuka taratibu kama mtu aliyekwisha kuumaliza mjadala akiwa bado ndani ya gari. Nikamsalimu. Nikamwambia, kwa heshima zote tulizolelewa nazo, kwamba naomba anielewe.

"Kaka, mimi nilikuwa tayari nimo ndani ya kipilefti."

"Ndani ya nini?"

"Ya kipilefti."

Akawageukia watu wa boda. "Mmemsikia? Amesema mwenyewe. Ni keep left. Sasa mathe, kama ni keep left, ulikuwa unafanya nini huko kulia?"

Walicheka hadi mmoja akashika usukani wa pikipiki asianguke. Ndipo nami, katika umri huu, nikalisikia lile neno kwa mara ya kwanza. Nikajaribu kueleza kwamba kipilefti si amri, ni jina, ni duara hili hili tulimosimama sote. Kila nilipolitaja nilizidi kujishtaki. Mmoja akanishauri, kwa huruma kabisa, niache kuongea kwa sababu najichimbia. Mwingine akasema huyu ni mbongo, huko kwao wanakuomba samahani kwanza halafu wanakugonga.

Mume wangu alishusha kioo. Akasema kwa sauti ile ya stendi ya malori kwamba hilo ni neno la Tanzania, ni jina la raundi, na kwamba mke wake alikuwa na njia. Alisema vizuri, kwa mpangilio. Ila alikuwa akiuambia mlingoti wa taa, kwa sababu mwenye pikapu alikuwa ameshahama.

Watu wa boda wakayatazama macho yake. Mmoja akauliza polepole, "Mzee, kwani uliona akiingia?"

"Nilisikia."

"Alisikia," mwenye pikapu akarudia, kwa upole, kama mtu aliyewekewa kitu mkononi.

Afande wa trafiki alikuja akiwa bado anapungia magari kwa mkono mmoja. Hakuuliza nani alikuwa na njia. Alisema tusogeze magari kando na tuelewane, na kama hatuelewani, twende stesheni, kila mtu aandike maelezo, magari yakaguliwe. Nilijua maana yake: siku nzima. Na hapo nikafanya kosa ambalo nimewakataza wanawake wenzangu sokoni miaka yote hii, la kumwonyesha mteja kwamba watoto hawajala.

"Naomba tumalize haraka, afande," nikasema. "Mume wangu anasubiriwa na daktari wa macho saa tatu."

Mwenye pikapu alisikia. Niliona anavyosikia.

Tuliposogea pembeni, mmoja wa wale wa boda alijitolea kumpeleka mzee. Mume wangu akakataa. Alisema hajui mlango wa kliniki uko wapi, na akishushwa hapo atamwita nani. Kuliacha gari na kuondoka wote wawili haikuwezekana. Afande alikuwa amesema hakuna dereva anayetoka kabla ya kuelewana. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi na nane.

Nikamwambia mwenye pikapu anitajie anachotaka. Nilikuwa nimejipanga: akitaja mia nitataja thelathini.

"Sitaki kitu yako, mathe," akasema. "Hii gari si yangu. Bosi akiona hii taa imevunjika, mimi nimeisha. Nataka tu nikurekodi kwa simu ukisema ni wewe umekosa, nimtumie."

Lingekuwa suala la fedha ningelimudu. Maneno sikujua yanapunguzwaje. Nikamwambia nitasema tumegongana. Akakataa. Nikasema nitasema sote wawili tulikuwa na haraka. Akatikisa kichwa na kusema ni mimi tu niliyekuwa na haraka. Nikampa la tatu, kwamba njia ilikuwa mbaya, na akaangalia saa yangu, si yake, mkononi mwangu. Alikuwa mpatanaji mzuri. Ningemkuta sokoni ningemwajiri.

Akainua simu. Nikasema, "Kosa ni langu. Nilikuwa kulia, na ilikuwa ni keep left."

Akanishukuru, akaniombea baraka, na nadhani alimaanisha. Akatutupia mafungu mawili ya karoti kwenye kiti cha nyuma kupitia mlango ambao haukufungika tena.

Tulifika kliniki saa tatu na dakika kumi na moja. Jina lilikuwa limesomwa na orodha kupelekwa ndani. Nilimwomba muuguzi atuweke mwisho. Nikamwomba atuweke baada ya mwisho. Nikamwomba daktari amwone koridoni, akiwa amesimama, akiwa anaelekea chooni. Muuguzi naye alikuwa karibu kulia. Akanieleza kwamba daktari saa saba anaondoka kwenda mji mwingine, na kuna watu kutoka Mai Mahiu waliolala barazani tangu jana.

Tukirudi, mume wangu hakuniambia ingia wala ngoja. Karibu na nyumbani akauliza, "Mama, kwani ni wewe ulikosea?"

Nikasema hapana.

"Lakini nilikusikia ukisema."

Nikamweleza kwa nini nilisema. Nikamchorea kwa kidole kwenye goti lake: lori hapa, sisi hapa, pikapu inatoka huku. Akaacha nimalize. Kisha akasema sawa. Nimezisikia sawa nyingi maishani. Hiyo ilikuwa ya mtu anayekubali bei kwa sababu amechoka kusimama.

Mwezi ulipita. Katikati yake alianza kunishika begani tukitoka uani.

Siku ya daktari tulikuwa kwenye benchi la mbele saa moja kasoro. Jina likasomwa la nne, tukaingia. Nilisimama nyuma ya kiti cha mume wangu. Daktari akamfunika lile jicho lililokwisha, akarudi nyuma hatua mbili, akainua vidole.

"Vidole ngapi, mzee?"

Mume wangu akasogeza kichwa mbele. Niliona shingo yake inavyojitahidi. Sikupanga kufanya nilichofanya. Mkono wangu ulikuwa mgongoni mwake, na kidole changu kikagonga mara mbili.

"Mke wangu anasema ni mbili," akasema.

Daktari alishusha mkono. Akaniomba, bila ukali, nikakae kwenye kiti cha karibu na mlango. Kisha akamsogelea, akainua vidole tena, safari hii mbele kabisa ya uso wake. Vilikuwa vinne. Nilivihesabu kutoka pale mlangoni, nikavihesabu tena, na sikuwa na njia ya kumfikishia.