Bawa ya Nyuma na Mbuzi za Rughenda

Siku ya kwanza mu kazi, Patron wa garage hakunipa ufunguo wala nyundo. Alinipa lampe témoin. Ni taa ndogo ya waya mbili, iko na ncha sawa sindano. Unagusa nayo waya ya gari. Ikiwaka, courant iko, isipowaka, courant hakuna. Akaniambia: "Kasereka, waya iko na fasi inatoka na fasi inaenda. Ufuate mpaka mwisho, njo ukate." Mu masomo mimi nilifika mwaka wa tatu tu, kisha baba akasema mbuzi ziko zinaningoja. Donc ile maneno ya Patron njo ilikuwa chuo yangu.

Nilitumika pale Butembo mpaka nikaota ndevu. Kisha nikaenda Beni, mu atelier, fasi ya kutengeneza gari za kampuni moja ya kahawa, chini ya Chef d'atelier mwenye hakutoa kofia hata mu misa. Kule njo nilijuana na Kakule, chauffeur wa kamiyo, zile lori kubwa, mutu wa kuendesha muzuri na wa kusema mingi. Kisha Oicha, kuangalia groupe ya misioni ya ba-Protestant, ile machine ya kutoa courant. Mimi ni Mukatoliki, mais courant haina dini. Mukubwa wa kule alinizoeza kunywa chai bila sukari, na mpaka leo sijui kama lilikuwa fundisho ama uchoyo.

Vita ikanirudisha Butembo. Ninyi batoto munafikiri vita ni masasi tu. Hapana. Vita ile ilikuwa ya kuchunguliana. Mutu akikusalimia, unajiuliza: ananisalimia juu ya nini? Muke wako akinunua chumvi mingi, jirani anauliza munangojea bageni gani. Hata mu kanisa batu walikuwa wanafunga macho nusu.

Wakati ile njo gari ilifika. Ilifika juu ya kamiyo, chini ya bâche, ile turubai ya kufunika mizigo, kwa njia ya Kamango, karibu na mupaka. Juu ya nini Kamango? Hakuna mwenye aliuliza. Ilikuwa gari ya mbio, ya milango mbili, tumbo chini sawa nyoka, moteur nyuma. Mu barabara zetu za mashimo haikuweza kitu. Lakini Commandant, mukubwa wa basoda, bale askari wa pale, aliitaka, na alikuwa anakaa karibu na piste ya ndege, kule Rughenda, pembeni ya Butembo. Pale tu njo kulikuwa fasi ya kukimbizia gari ya vile. Akamuchukua Kakule, mwenye vita ilikuwa imemuleta Butembo pia, kuwa chauffeur wake. Kakule hakuombwa, alichukuliwa.

Sasa, piste ya Rughenda ilikuwa na majani ya tamu, na mbuzi za mutaa wote zilijua. Mbele ndege ishuke, lazima mutu azifukuze. Zamani ilikuwa mutu na pikipiki. Nyuma ya pale ikakuwa Kakule na gari ya Commandant: Adjoint, njo kusema mukubwa wa pili pale, anapata habari mu phonie, ile redio ya kusemea, kama ndege imetoka, anamuambia Kakule, Kakule anapiga klaksoni na kukimbia toka mwanzo wa piste mpaka mwisho. Mbuzi zinaruka, nyuma kidogo ndege inashuka.

Na hapa njo kuko neno. Nyuma ya gari ile, juu ya kifuniko cha moteur, kulikuwa bawa. Gari ikisimama, bawa inalala, hauioni. Gari ikikimbia sana, bawa inaamuka yenyewe, hakuna mutu anaigusa. Soda mwenye iko nasimama pembeni anaona nini? Anaona bawa inaamuka, kisha ndege inatokea juu ya kilima. Kila mara. Bakaanza kusema chini-chini: ile bawa iko inaita ndege.

Siku moja balikuwa banangojea ndege ya chumvi na mazuti ya kamiyo. Kakule akafukuza mbuzi, bawa ikaamuka. Ndege ikatokea, lakini ilikuwa ingine, nyeupe, hakuna mwenye aliijua. Ikazunguka juu ya camp ya basoda, ikarudi fasi ilitoka. Adjoint akaenda kusema na Commandant pembeni. Mbele ya chakula ya muchana Kakule alikuwa mu cachot, ile chumba ya kufungia batu, na banasema atapelekwa Beni kuulizwa. Wakati ile, mwenye alipelekwa Beni kuulizwa, hatukusikia tena jibu yake.

Bakaniita mimi, niangalie ile bawa, na kama ni lazima niikate. Muke wa Kakule, Mama Masika, alinikuta mu njia, na kitunga ku kichwa. Hakulia. Akasema: "Papa Kasereka, ukikata ile kitu, batasema uliona kitu. Ukiacha kukata, batasema unaficha kitu. Ufikirie muzuri, bwana yangu iko mule ndani."

Nikafungua kifuniko. Nasema ukweli: mimi pia niliogopa. Nilitazamia kuona antenne, ama kitu inapepesa macho. Nikakuta moteur ndogo, sawa ile ya kupandisha vioo vya mulango, na meno mbili za kuzungushana, zenye graisse, mafuta mazito ya machine. Lakini graisse ni graisse, haiapi. Nikafuata waya, sawa vile Patron alinifundisha. Ilipita chini ya kiti, ikaingia mu kasanduku kamoja keusi. Na mu kale kasanduku kulikuwa waya ingine, ya compteur, ile ya kuonyesha mwendo. Nikaelewa: bawa na compteur zinakula mu sahani moja. Mwendo ukipanda, kasanduku kanaamusha bawa, upepo unakandamiza gari chini, magurudumu isiruke.

Nikamueleza Commandant. Alikuwa mutu wa sauti ndogo, na ile njo ilikuwa inaogopesha. Akasema, "Nionyeshe leo. Leo hakuna ndege."

Akaingia yeye mwenyewe ku volant, ku usukani, mimi pembeni. Tukakimbia, mbuzi zikaruka, Adjoint na basoda bakiangalia. Bawa ikaamuka. Tukasimama, tukashuka, na wote tukainua macho mbinguni. Nimesali mara mingi mu maisha, lakini kusali ili ndege isikuje, ni siku ile tu. Mara tukasikia mungurumo nyuma ya kilima. Soda mumoja akaingiza risasi mu bunduki. Ulikuwa moulin, machine ya kusaga mahindi, ya Mama mumoja wa kule chini. Tukangoja. Hakuna kitu kilikuja, ila mbuzi, zilirudia majani yao.

Nikaanza kupumua. Adjoint akasema: "Afande, adui iko na akili. Ameona tunamuchungulia, njo amekataa kuja."

Commandant akainamisha kichwa polepole, sawa mutu mwenye kukubali. Batoto, hapo njo nilijua kama mashaka haina mwisho wa waya. Ndege ikikuja, ni bawa. Ndege isipokuja, ni bawa vilevile.

Nikasema, "Mon commandant, tuigeuze. Nikate bawa. Siku ya ndege, nifukuze mbuzi na bawa inalala. Ndege ikikuja, basi haikuwa inaitwa."

"Na isipokuja?"

Jibu wote tulikuwa tunaijua, na Kakule alikuwa anasikia toka mu kadirisha ka cachot.

Kukata kwenyewe ni kazi ndogo, nawaambia nyinyi mwenye kujifunza. Sikutoa fusible, ile fyuzi, juu ile fusible moja ilikuwa inalisha kitu ingine pia. Nilichomoa fiche, fasi waya zinashikana, pale ku moteur ya bawa, nikafunga ncha zake na chatterton, ile utepe nyeusi ya umeme, maji isiingie. Lakini gari ya vile inajua kulalamika: taa nyekundu ikawaka mbele ya volant. Commandant akainama. "Hii inaangalia nani?" Nikasema inaomba bawa yake. Akaniomba niifunike, nikaibandika chatterton pia.

Siku ya ndege ikafika, na mawingu. Adjoint akaleta habari ya phonie: imetoka. Nikafukuza mbuzi kwa nguvu zote, na bila ile bawa gari ikanitikisa nyuma sawa punda. Bawa ililala. Nikasimama. Mawingu yakashuka mpaka ku miti. Mama Masika alikuwa amesimama ku mwisho wa piste na kitunga chake, sawa mutu mwenye kuuzisha. Hakuna ndege. Adjoint akaanza kucheka kidogo ku pua.

Kisha tukasikia mungurumo, na safari ile haikuwa moulin. Ndege ikatoboa mawingu, ikashuka na chumvi yake.

Commandant akatembea mpaka nyuma ya gari, akaweka mukono juu ya bawa, akaikandamiza. Haikutikisika. "Donc inakuja tu," akasema.

"Inakuja tu, mon commandant."

Akageuka polepole. "Adjoint. Nani hapa anajua ndege inakuja, mbele batu wengine bajue?"

Kakule alitoka siku ile ile. Adjoint, kisha siku kidogo, aliitwa Beni. Sijui kama alikuwa na neno ama hakuwa nalo. Nilimutoa mutu mumoja mu ule mushipi wa mashaka, na mushipi ukatafuta kiuno ingine.

Leo mikono yangu inatetemeka, siwezi tena kushika ncha ya lampe témoin, nimeiachia bengine. Ninapumuzika nyumbani, Butembo. Jioni ya siku ya Mungu Kakule anakuja, tunakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, anasema mingi sawa zamani. Siku moja ndege ilipita kwenda Rughenda. Akaisikiliza mpaka ikazima, kisha akasogeza kiti.

"Kasereka. Sasa tumezeeka, basoda bale hawako tena. Wewe ulifungua, uliona ndani. Uniambie mimi tu. Kulikuwa nini?"

Nikamuambia: moteur ndogo, meno mbili, na graisse.

Akaniangalia wakati murefu, sawa vile Commandant alikuwa anatuangalia. Kisha akasema, "Sawa, ndugu. Ukitaka kuniambia, utaniambia," akajimwagia kasiksi yake, na safari ile hakunimwagia mimi.