Ua Lililoitwa Mwivi Jamaludin

Shangazi yangu Esha binti Madi hakuwa mtu wa kusamehe, na wale wanaomwombea Mungu amghufirie ugumu wa moyo wasinihesabu mimi. Mimi namwombea pepo tu. Ugumu huo naupenda, na nimeurithi.

Alikuwa msuka mikeka wa Kipungani, kijiji cha kisiwani Amu, kama nusu ya wanawake wa Kipungani. Kilichomtofautisha na wenzake ni maua. Babake alilima ng'ambo, bara, na kila alipokata mti wenye ile mimea inayoota juu ya matawi bila kugusa udongo, alimletea binti yake. Shangazi aliifunga kwenye miti ya mikoma iliyozunguka nyumba yake kwa ukili aliousuka kwa mkono wake: miyaa tisa ya majani makavu ya mkoma, minane myeupe na mmoja mweusi unaopanda na kushuka. Kila msukaji ana mkono wake, na mweusi ule ulikuwa wake peke yake.

Ua lake kubwa lilikuwa jeupe, lenye mkia mwembamba mrefu kama uzi, nalo halikunukia mpaka jua lishuke baada ya alasiri. Tulipolitunga kwenye vikuba, vile vishada vya maharusi vya kifuani, tulilikata mkia kwanza, maana mna maji matamu ndani yake ambayo huita chungu, wale wadudu wa sukari, na hakuna bibi harusi anayetaka chungu kifuani. Mabibi wa Amu hawakulijua kwa jina jingine ila la mwenyewe. Walituma watu waseme: tunataka esha kumi, tunataka esha ishirini.

Mwaka wa pili baada ya serikali kuondoa utumwa, tulikwenda Shela matangani siku tatu. Tuliporudi mikoma ilikuwa mitupu. Mafungu saba yamekatwa kwa kisu pamoja na kamba zake. Shangazi alilia kama aliyefiwa.

Hatukuhitaji kupiga ramli. Bwana Jamaludin, tajiri wa Amu mwenye nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, alikuwa amepeleka mtu mara mbili kuyataka maua yale, apate kuwazawadia Wazungu kwa bustani yao ya mimea huko bara. Mara mbili shangazi alikataa. Basi akaenda mwenyewe Amu, mimi nikimfuata, akasimama mbele ya daka la nyumba ya Jamaludin, pale barazani anapokaa na wenzake, akamwuliza mbele ya watu.

Jamaludin hakuinuka. "Maua ya mwituni hayana mwenyewe," alisema. "Una shahidi gani, Bi Esha?"

Wanaume wakacheka. Sisi tukarudi Kipungani kwa miguu, mchanga unatuunguza.

Wanawake wakamshauri asomeshe Halbadiri, ile dua ya kumwapiza mwizi. Akakataa. Aliniambia, "Halbadiri humpiga mtu ndani ya nyumba yake. Mimi nataka apigwe mahali watu wamuonapo kwa mato yao."

Wasemao husema siku za mwizi ni arubaini. Za Jamaludin zilikuwa miaka minne. Katika miaka hiyo Wazungu walimwandikia barua ya shukrani, akaitia fremu akaitundika sebuleni, na kila mgeni alilazimika kuitazama kabla hajapewa kahawa. Shangazi alisuka mikeka. Kila mkeka aliuuza, ila mmoja wenye ule mwaa mweusi, aliouweka.

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani akaja Amu Mzungu wa ile bustani, mtu mwembamba asemaye Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kupita kiasi. Mimea ilikuwa imechanua kule, naye ameipiga picha, na sasa anaandika kitabu. Alitaka kujua kila ua linaota wapi na wenyeji wanaliitaje. Akatuma habari kwamba wanawake wanaotunga vikuba nao wangemsaidia kuyatambua. Nilipompelekea shangazi habari hizo aliosha uso, akajitanda nguo, akakunja mkeka wake kwapani.

Tulipofika, picha kumi na mbili zilikuwa zimetandazwa kwenye daka la Jamaludin, na watu wamejaa. Mwenyeji alikuwa akieleza jinsi alivyovuka bara na kuyakata maua kwa mkono wake, akipanda juu ya miti mwenyewe. Lile kubwa jeupe jina halina, alisema; ikiwa Bwana hana neno, liitwe kwa jina lake yeye. Mzungu akakubali kwa adabu, akamwomba amwonyeshe lipi kati ya yale ndilo.

Hapo ndipo alipojimaliza. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, hazina rangi wala harufu. Na Jamaludin, kama wanaume wote wa Amu, ua lile alikuwa amelionea kifuani mwa wanawake wa nyumbani kwake tu, limetungwa, limekatwa mkia. Juu ya mti hakuwahi kuliona hata siku moja, kwani walioiba walikuwa watumwa wake wa zamani. Akazitazama picha, akachagua ua kubwa jeupe lisilo na mkia. Mzungu akapekua daftari lake, akasema hilo limetoka mto Tana. Akachagua jingine. Nalo silo. Jasho likaanza kumtoka, nami nikaliona tone la kwanza likishuka, na Mungu anisamehe, sijaona kitu kizuri kama kile.

Shangazi akasogea akaweka kidole juu ya picha. "Alolitwaa ni hili," alisema. "Na kamba iliyolifunga ni ya mkono wangu."

Akautandaza mkeka. Mzungu akatoa kioo chake cha kukuzia, akauangalia mwaa mweusi pichani unavyopanda na kushuka, akauangalia mkekani, akarudi pichani. Kisha akasoma daftari kwa sauti: mafungu saba, yamefungwa kwa kamba ya majani, yametoka kwa Bwana Jamaludin wa Amu. Aliyecheka safari hii hakumcheka shangazi.

Mzungu akashika kalamu, akamwuliza ua hili linaitwaje. Nikamvuta nguo shangazi, nikamnong'oneza: sema Esha. Lilikuwa jina lake, la haki, kila mwanamke mjini angelishuhudia.

"Andika," akasema, "ina lake ni Mwivi Jamaludin."

Likaandikwa, na kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa nalo mdomoni. Barua ikateremshwa ukutani.

Yule Mzungu alirudisha fungu moja. Lilichanua mwaka ambao Khairiya, binti wa Jamaludin, alikuwa anaolewa, na Amu hapakuwa na jingine. Babake alituma watumishi mara tatu kutaka "lile ua jeupe". Shangazi akawajibu kwamba halijui ua hilo. Mwenye haja aje mwenyewe na alitaje. Akaja. Alikuja kwa miguu, amezeeka, viatu mkononi.

"Nimekuya kutaka mwivi-jamaludin," alisema, akitazama chini.

Shangazi akamchumia yote. Akayakata mikia mbele yake moja moja, polepole, akamwambia anafanya hivyo ili apate kuyatambua. Jioni ile alikula wali sahani mbili. Nami nilikula.

Shangazi amekufa miaka mingi, na Jamaludin kabla yake. Mimea ninayo mimi. Lakini wanawake wanaona mkosi kutaja mwivi siku ya harusi, basi kidogo kidogo neno hilo likadondoka. Sasa wanatuma watu waseme: tunataka jamaludin kumi. Esha hakuna anayemjua.

Mwezi uliopita walikuja wasichana wawili wa Amu. Mmoja akaniuliza huyo Jamaludin alikuwa nani, na kabla sijafungua mdomo mwenzake akamjibu: alikuwa bwana mmoja wa zamani, mpenda maua sana.

Nikawaambia sina hilo ua. Wakatazama juu ya mkoma, maua yamefunguka mbele ya macho yao, wakaniona bibi kizee mwongo, wakaenda zao.