Insha Niliyomsomea Mdogo Wangu

Mama alipopatwa na kiharusi mimi nilikuwa kidato cha nne, mdogo wangu wa kike kidato cha tatu. Tuliishi mtaa wa Mafiga, chini ya milima ya Uluguru. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, nyumbani alikuja mwisho wa mwezi tu. Safari hii alipewa ruhusa ya siku tatu. Siku ya mwisho alituita sebuleni, akamtazama mdogo wangu peke yake.

"Mama yenu anataka mtu wa kumgeuza na kumwogesha. Shule utarudi akipata nafuu."

"Sawa, baba," mdogo wangu akajibu.

Kusema kweli, nilishukuru kwamba hakuniangalia mimi.

Muhula ule tulikuwa tunasoma riwaya ya zamani, ya msichana anayeachishwa shule amuuguze baba yake huku kaka zake wakiendelea. Mwalimu alipouliza kama ni haki, wavulana tulicheka. "Si ndiyo kazi yao," mmoja akasema. Lakini kitabu kilikuwa kimenichoma. Niliandika insha ndefu ya kumhurumia yule msichana, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima.

Nilirudi nayo nyumbani mbiombio. Mdogo wangu alikuwa uani anafua mashuka ya mama, vidole vimebabuka kwa sabuni. Wingu lilikuwa limefunika milima tangu juzi, nguo hazikauki. Nikamsomea yote. Hakuacha kufua.

"Umeandika vizuri, kaka," akasema. "Huyo amepata wa kumlilia."

Kesho yake nilimwambia avae sare aende shule yeye, mama nitamwogesha mimi. Sketi ilimpwaya kiunoni, akaifunga kwa pini. Alipoondoka nilichemsha maji, nikaingia chumbani na beseni. Mama alipoona ni mimi ninayefungua khanga yake, aliing'ang'ania kwa ule mkono mmoja uliobaki na nguvu.

"Usinione, mwanangu," akasema kwa ulimi mzito. "Mwite mwenzio."

Nilimbembeleza, nikamwomba, mwisho tukawa tunalia wote wawili. Nilimfuta uso na miguu. Zaidi ya hapo hakukubali, na shuka lilikuwa limelowa chini yake.

Saa nne haijafika, mdogo wangu akarudi. "Nilijua," akasema, akanipokea beseni.

Nilimpigia baba simu, nikamsihi atafute mama mmoja wa kutusaidia.

"Mtihani wako uko mbele. Usinivuruge," akakata.

Nilifaulu. Mama alifariki masika yaliyofuata, wanafunzi wenzake mdogo wangu wakiwa wameshaingia kidato cha nne. Yeye hakutaka kurudi kidato cha tatu kukaa na watoto.

Sasa anashona nguo. Juzi nilikwenda kwake kumwomba msamaha. Alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano ya cherehani.

"Wa nini sasa, kaka?" akauliza, bila hasira yoyote.

Nilikaa pale hadi akafunga kazi.